Sauti ya Kinanda

Dada yangu mkubwa tulimwita Kinanda kwa ajili ya sauti yake. Alipokea simu hospitalini miaka mingi, na waliopiga wakiwa wamechanganyikiwa walikata wakiwa wametulia. Kisha hospitali ikaweka mashine ya kujibu, naye akarudi nyumbani kumuuguza mama, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza.

Tangazo alilikuta kwenye simu: kazi ya kufanyia nyumbani, uzoefu si lazima. Usaili ulifanyika kwa ujumbe wa simu tu. Aliyejiita Meneja hakuonyesha sura wala kutaja ofisi ilipo. Nilimwambia hiyo kazi inanuka. Akanijibu kwamba anayemgeuza mgonjwa kitandani hachagui mlango wa riziki.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwapigia watu na kuwapongeza: umechaguliwa, utafanyia kazi nyumbani kama mimi, lipia tu mafunzo leo kabla nafasi hazijajaa. Alipouliza kwa nini mtu alipe ndipo aajiriwe, Meneja alimwambia fedha hurudishwa kwenye mshahara wa kwanza. Yeye mwenyewe alilipwa mapema, tukamnunulia mama godoro. Akaamini.

Asubuhi moja mlango ukagongwa. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye mwanawe aliwahi kulazwa pale hospitalini. Hakukubali kiti.

"Nimeuza cherehani nikalipa," alisema. "Mwingine ningemkatalia. Niliisikia sauti ile ya hospitalini, nikajua ni wewe. Sasa kazi iko wapi?"

Dada akampigia Meneja palepale, sote tukisikiliza. Yule bwana hakubabaika hata kidogo.

"Mimi wananijua? Sauti waliyoisikia ni yako," alisema, akakata.

Dada akaibwaga simu mezani. "Kumbe amenifanya chambo," alisema.

"Chambo ni wewe," fundi akajibu. "Samaki ni mimi."

Dada alikwenda polisi. Wakamwonya kwamba huenda yeye ndiye atakayeshtakiwa kwanza. Akawaambia basi waandike, akawaachia namba na ujumbe wote. Aliporudi alianza kuwapigia wale wote aliowapongeza, mmoja mmoja, akiwaambia wasilipe. Waliokwisha kulipa walimtukana matusi ya nguoni. Hakukata simu ya hata mmoja. Wachache walikuwa bado, wakanusurika. Meneja hajakamatwa, namba yake haipatikani.

Siku hizi dada anapiga pasi nguo za watu, na sehemu ya anachopata humpelekea fundi, ambaye hupokea bila kumsalimu. Hilo halimkasirishi. Kinachomchemsha damu ni kwamba mtu aliuchukua wema wake wote wa hospitalini akaugeuza ufunguo wa kuibia maskini.

Juzi aliona tangazo jingine kama lile. Akapiga, akauliza kwa upole ofisi iko wapi, na kwa nini anayetafuta kazi ndiye alipe. Wakakata. Akapiga tena.