Kimea Hakirudi Shambani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipofunua majani ya mgomba kwenye kapu nikakuta mtama wangu umeota vimizizi vyeupe. Nikajisifu! Nilikuwa mke mgeni pale Busunzu, miezi mitatu tu, na tulikuwa tumealika watu wa kutusaidia kulima. Nilitaka wanywe pombe ya mtama, si ile ya ndizi ya kila siku.

Ghalani mtama ulikuwa umeisha. Lakini juu ya mafiga, kwenye moshi, yalining'inia masuke mekundu yaliyojaa. Nikayashusha, nikayapura, nikayaloweka. Nani alinituma? Kiherehere changu. Mimi ni mtoto wa Kasulu mjini, unga wetu ulitoka dukani, mambo ya moshi ningeyajulia wapi?

Mama mkwe alirudi asubuhi hiyohiyo kutoka Kumsenga kwa dada yake. Akatazama juu, akatazama kapu, akakaa chini.

"Yote?" akauliza.

"Yote, mama. Kwani si mtama uleule? Tuukaushe tupande."

"Binti yangu, ukiwa ghalani ni chakula. Ukiwa kwenye moshi ni mbegu. Ukishaota ukaanikwa ni kimea, na kimea hakirudi shambani. Mbele yake kuna togwa, kuna pombe, na wenye tamaa hufika mpaka gongo. Kila jina na kazi yake."

Mama yangu! Mvua ilikuwa mlangoni na nyumba nzima haina mbegu. Nililia, nikataka kurudi kwetu. Yeye hakunifokea. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, basi tuyafanyie kazi. Nikaanika kile kimea, nikakisaga, nikapika togwa, nikaibeba kichwani mpaka Kumsenga nikaseme kosa langu kwa kinywa changu na kuomba mbegu. Dada yake alicheka mpaka akashika ukuta. Akanywa, akasifu togwa, kisha akapanda juu ya kinu na kunishushia mafungu mawili ya masuke. Wakulima wetu walikunywa pombe ya ndizi, wala hakuna aliyenung'unika.

Nawe kesho unakwenda kwako, mwanangu. Kuuliza si ujinga: kabla hujaloweka, uliza kitu hicho kimewekewa nini. Na ukishakosea usikimbie, beba togwa yako ukaseme. Shika masuke haya, ni uzao wa yale ya Kumsenga. Mungu akujalie jiko lisilokosa moshi, na mkwe mwenye moyo kama wa mkwe wangu.