Kufuli la mume wangu lilikatwa akiwa chini ya msumeno

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka ishirini na nne, ni mzaliwa wa Mwanjelwa, elimu yangu kidato cha nne. Nimeolewa juzijuzi tu, hata maua ya kanisani sijayatupa, na sasa naishi na mume wangu huku Nyololo. Jamani, nimependwa! Baridi ya huku ikizidi ananikumbatia miguu mpaka ipate moto. Nikiwa peke yangu jikoni najikuta nacheka. Ndiyo maana hasira niliyonayo sasa inanitisha mwenyewe.

Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha mbao. Chini ya msumeno mkubwa kuna shimo linalojaa unga wa mbao, na lazima mtu aingie aukombe. Anayeingia anazima umeme, anaifunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe na kuingia na funguo mfukoni. Mpaka atoke, hakuna wa kuwasha. Kufuli lake lilikuja na funguo mbili. Ya pili alinivalisha shingoni kwenye cheni, akasema, "Nikiwa mle ndani, wa kuniwashia mashine ni wewe peke yako." Nililia kwa raha. Wenzangu wanavalishwa dhahabu, mimi nilivalishwa uhai wa mtu.

Wiki iliyopita alirudi koti limechanika mkono mzima. Akasema limenaswa na msumari. Nilipotoa vyombo vyake vya chakula nivioshe, nikakuta kufuli ndani ya mfuko, chuma chake kimekatwa. Nikamwonyesha. Akainamisha kichwa, ndipo akasema ukweli.

Supavaiza wa zamu ni rafiki yake tangu utoto, na ndiye aliyekuwa mpambe wake siku ya harusi yetu. Lori lilikuwa linasubiri mzigo. Akaliona kufuli, akadhani mume wangu amelisahau na kwenda kunywa chai. Aliita mara moja katikati ya kelele za mashine nyingine, hakusikia jibu, akachukua mkasi wa kukatia chuma, akakata, akawasha. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anatambaa kutoka. Mkanda wa mashine ukamdaka mkono wa koti, bahati ikachanika nguo tu.

Supavaiza akamwomba asimwambie mwenye kiwanda, na mume wangu akakubali. Sasa hivi hata kufuli jipya hakuna. Wamekubaliana anayeingia amwambie mwenzake, basi, waaminiane. Aliyekata kufuli ndiye anayeomba aaminiwe bila kufuli!

Jumapili huyo supavaiza akaja kwetu na jogoo kwapani, anacheka. Akaniambia nisichukulie moyoni, kazi za wanaume zina misukosuko yake, na tena tangu rafiki yake aoe amekuwa mzito kutoka shimoni, labda mimi ndiye ninayemchosha.

"Shemeji, kufuli nitamnunulia lingine," akasema.

"Na mimi utaninunulia mume mwingine?"

Kicheko kikakatika. Aliondoka bila kunywa hata chai, na jogoo nikamrudishia mlangoni.

 Tulipokwenda kulala, mume wangu akasema nimemwaibisha mbele ya ndugu yake. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwa mwenye kiwanda. Akanijibu kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, "Ukienda atafukuzwa kazi, ana watoto. Na mimi sitakuamini tena."

Nampenda mpaka nikimsikia anakohoa nashtuka. Lakini nina hasira na rafiki yake, na hasira kubwa zaidi ni kwake yeye, anayelinda kazi ya mwenzake kuliko mwili wake mwenyewe.

Kesho ni zamu yake kuingia shimoni. Ameniomba niivue cheni, eti hiyo funguo haina kazi tena. Sijaivua. Ndugu zangu, nipeni akili. Niende kwa mwenye kiwanda, mume wangu anichukie akiwa mzima? Au ninyamaze, anipende hivihivi mpaka siku mtu mwingine atakapokuwa na haraka?