Matete yaliyozoea kutu

Saa moja na nusu asubuhi, maji yanamfika magotini. Anainama, anashika tete moja shinani, analitikisa kwa nguvu. Halichomoki. Anatabasamu, anasogea kwa jingine.

Hivi ndivyo anavyoanza siku mama huyu wa watoto watatu, ambaye majirani wamembandika jina la Mama Matete. Anatunza mabwawa manne ya kina kifupi, yaliyochimbwa kwenye mteremko chini ya mgodi wa shaba uliofungwa miaka mingi iliyopita. Wachimbaji waliondoka, lakini maji hayakuacha kutoka. Yanatiririka yakiwa yamebeba chuma na shaba, mekundu kama tofali.

“Nilikuwa dobi,” anasimulia. “Shuka ya mteja inaingia mtoni nyeupe, inatoka na madoa ya kutu. Nimeomba radhi mpaka mdomo ukakauka.”

Visima vya jirani navyo viliharibika. Maji ya kunywa akawa anayafuata kilomita tano.

Miaka mitatu iliyopita alifika mhandisi wa maji na mpango wa kuyapitisha maji hayo, polepole, kwenye kokoto, mawe ya chokaa, samadi na mizizi ya matete. Chuma hugeuka kutu na kutuama. Shaba hunaswa kwenye tope, kwa msaada wa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mama Matete akaajiriwa kupanda.

Wifi yake alicheka mpaka akakaa chini. “Wifi yangu jamani! Wenzio wanang’oa majani, wewe unalipwa kuyapanda?”

Haukupita muda, kicheko hicho kikaanza kuuma. Miche elfu mbili iliyoletwa kwa lori ilikauka yote ndani ya wiki sita. Mhandisi akaanza kufungasha vifaa vyake.

“Nilirudi nyumbani sina hamu hata ya kula,” anasema. “Kisha nikakumbuka matete ya kule bondeni, kwenye mfereji wa zamani wa mgodi. Yale yamezaliwa kwenye kutu. Kesho yake nikamwambia, ‘Mhandisi, miche yako imedekezwa. Nipe wiki mbili nikuletee iliyozoea shida.’”

Mhandisi alikubali shingo upande. Mume wa Mama Matete, fundi baiskeli, akafunga karakana siku tisa; wakachimbua mashina na kuyabeba mgongoni, tope likiwatiririka mpaka kiunoni. Wiki ya tatu baada ya kuyapanda mabwawani, chipukizi la kwanza likachomoza.

“Nilimwita mume wangu kwa kelele, akadhani nimeumwa na nyoka!”

Leo matete yamempita kimo. Vipimo vya mwezi uliopita vinaonyesha kuwa mabwawa yanazuia sehemu tisa kati ya kumi za chuma kinachoingia, na zaidi ya nusu ya shaba.

“Maji haya si ya kunywa bado,” anaonya mhandisi. “Ila vyura wamerudi mtoni. Na bila mama huyu, mimi ningekuwa nimeshaondoka.”

Ugomvi wa Mama Matete sasa ni na wenye mbuzi, maana matete hayo yaliyonyonya maji ya mgodi si malisho. “Mbuzi haelewi,” analalamika, “na mwenye mbuzi anajifanya haelewi.”

Mwezi ujao anapeleka machipukizi mia nane kwenye mgodi mwingine uliofungwa, mwendo wa saa mbili kwa basi, akawafundishe wanawake sita wa huko.

“Nimewaambia wasiniandalie viti wala hotuba,” anasema, akifuta tope usoni kwa kiwiko. “Nikishuka tu kwenye basi, tunaingia majini.”