Faili la Gisozi lililogoma kufunguka

Kabla hata hajavua koti la mvua, Illuminée Nshimirimana anauliza: nani ameigusa kompyuta hii tangu asubuhi?

Ofisi ni chumba cha mbao juu ya karakana ya samani, Agakiriro, soko la mafundi la Gisozi, Kigali. Chini misumeno inalia, na vumbi la mbao limeingia hadi kwenye vibonye vya kompyuta.

"Kila mtu," anajibu Norman, mwenye karakana, aliyekulia Kampala na asiyejua kusema kwa sauti ndogo. "Mimi, Winifred, hata fundi wa rangi. Tunazima, tunawasha, iko inakataa tu. Fungua hii kitu, mama. Watu ya kodi wananingoja."

Illuminée anaguna. Kila anayejaribu kwa pupa huzidisha madhara, na hapa wamejaribu wote.

Programu ya uhasibu yenyewe ni nzima. Kinachogoma ni faili la kampuni, ambamo Norman ameweka mauzo, madeni na mishahara ya karakana nzima. Illuminée haligusi. Analinakili kwenye laptopu yake, kisha anafungua faili jingine la majaribio ili ajue mgonjwa ni nani. La majaribio linafunguka bila tabu. Mgonjwa ni faili la Norman.

Mama huyu wa miaka arobaini na mitatu alizaliwa Bujumbura na wazazi Wanyarwanda, akakulia Buyenzi, mtaa ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Alipofika Kigali alishika uhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi, Muhima, hadi duka likafungwa. Tangu hapo anaishi kwa kufufua mafaili ya watu yaliyoharibika.

Kazi moja humpa kati ya faranga elfu kumi na elfu thelathini. Ikishindikana, wengi hawamrudishii hata nauli ya moto, yaani pikipiki. Mwezi uliopita alipata kazi sita tu, na binti yake Ingrid alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

"Wananiita mgonjwa ameshakata roho," anasema, "halafu wananinunia mimi."

Leo, hata hivyo, mwenye hofu zaidi ni Winifred, mhasibu wa karakana. Aliajiriwa hapa mwaka jana, na mshahara wake ndio unaomlisha mama yake anayeumwa. Norman ameshamwambia mbele ya mafundi kwamba faili haliwezi kufa lenyewe, lazima kuna wizi unaofichwa.

Illuminée anamketisha pembeni na kumuuliza taratibu. Kumbe Jumamosi ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Winifred alifyeka majani na majirani zake, kisha akaja ofisini akiwa bado na moto wa usafi. Alifuta vumbi, akapiga deki. Kompyuta ilikuwa inalalamika kwamba imejaa, basi naye akaisafisha.

"Niliona vifaili vingine viko na majina ya ajabu," anasema, macho yakiwa sakafuni. "Nikafikiri ni uchafu, mama Ingrid. Nikavifuta vyote."

Kimoja kati ya hivyo ndicho ambacho programu huandikia kila kinachoingizwa, ili faili likiharibika liweze kufufuliwa. Jumatatu umeme ukakatika programu ikiwa katikati ya kuhifadhi. Faili likaharibika, na cha kulifufulia kilishafutwa.

Nakala ya akiba ipo kwenye flashi, lakini ni ya Februari. Tangu hapo flashi imejazwa picha za vitanda na makabati ya wateja, na sasa ni Septemba.

Illuminée anahangaika na faili hadi alasiri. Zana ya kurekebisha inafika katikati, inasimama. Anaanza upya, inasimama palepale. Mwishowe anafunga laptopu na kumshika Winifred bega.

"Ihangane, mwanangu," anamwambia, yaani vumilia. "Tutaanzia Februari."

Norman anapanda ngazi, mafundi wawili nyuma yake. "Sema tu moja. Ilifutwa, ama ilijifuta?"

"Kuna kitu kilifutwa, bosi."

"Na mtu?"

"Na mtu. Lakini hakujua, hakuna aliyemfundisha, na umeme ndio..."

Norman hasubiri asikie umeme ulifanya nini. Anamnyooshea Winifred mlango. Msichana anachukua mkoba wake na kushuka kati ya vitanda visivyopakwa rangi, na hakuna fundi anayemuaga. Inauma kutazama.

Wiki tatu baadaye, Illuminée yuko Muhima, kwenye meza anayoazimwa na duka la kurudufu karatasi. Uso umemshuka.

"Ningedanganya, angekuwa kazini leo," anasema. "Ila angekuja fundi mwingine, angeona. Hapo wangesema ni mwizi kweli, na mimi ni mwenzake."

Ana mpango. Anataka kila Ijumaa kuzunguka Agakiriro akichukua nakala za mafaili kabla hayajaharibika, kwa malipo madogo ya mwezi. Karakana nne zimekubali. Ya kwanza kukubali ni ya Norman, ambaye bado hajamlipa Winifred siku zake za mwisho.

Kazi hiyo inahitaji watu wawili, na wa pili anamtaka Winifred, hamtaki mwingine. Anabonyeza namba yake, anaweka simu sikioni. Inaita mpaka inakata, kama jana na juzi.

"Akipokea, sitaanza na mambo ya kazi," anasema Illuminée. "Nitamwomba kwanza anisamehe. Ule ukweli ningeweza kumwambia Norman peke yake, mlango umefungwa. Nilimwambia mbele ya watu."