Ua Niliojenga Wakati wa Amani

Jumamosi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la intaneti, hapa Nyeri, nikicheza ule mchezo wa kompyuta wa kujenga miji na kupigana. Mpinzani wangu alikuwa mwenye saiba, mama mmoja mchangamfu ambaye majeshi yake hunifagia kabla chai yangu haijapoa.

Safari hii nilikuwa nimegundua kasoro. Mkifanya mkataba wa amani, askari hawavuki mpaka, lakini mkulima aliyebeba mbao za ua anapita tu. Basi nikamwomba amani kwa unyenyekevu, kisha nikatuma wakulima wangu wauzungushie ua mto wake, msitu wake, na mwishowe lango la mji wake. Ua hauvunjwi wakati wa amani, na amani haiishi mpaka sote wawili tukubali. Mimi nilikataa.

Mama aliachilia kipanya, akashika kiuno. "Ati hii ni vita? Hii ni kesi ya shamba!" Akawageukia wateja. "Kujeni muone! Huyu ndiye ule mzee wa gazeti, anagombeza wanyakuzi wa ardhi kila wiki."

Watu wakasogea. Masikio yalipata moto, lakini nikakaza shingo. "Mchezo wenyewe umeruhusu. Sijavunja sheria yoyote."

"Hata hao husemanga hivyo hivyo, mzee," akasema polepole.

Leo mngesoma makala yangu kali kuhusu wanyakuzi. Nimemwomba mhariri anirudishie kwanza.