Udongo wa Kitindamimba

Kwa miaka ishirini na tisa watoto wa chekechea walimwita Mwalimu Mstari, naye jina hilo alilivaa kama nishani. Darasani kwake viti vilinyooka, soksi zilinyooka, na herufi iliyopinda ilifutwa ikaandikwa upya mpaka ikae sawa. Wazazi walimmwagia sifa. Mtoto wa miaka minne anaandika jina lake lote! Nani asingevimba kichwa?

Mwaka mmoja aliletewa kitindamimba wa fundi cherehani, binti mdogo ambaye shuleni hakufungua mdomo ila kusema "sitaki". Penseli aliishika kwa ngumi, kama anashika mchi. Lakini wakitoka nje, alikimbilia bomba lililovuja nyuma ya vyoo, akachuchumaa, akachota udongo na kuufinyanga. Alitengeneza kuku, kisha akamtengenezea vifaranga. Na mikono ikiwa kazini, alinong'ona. Msaidizi wa darasa, mama mmoja mcheshi asiyepitwa na jambo, ndiye aliyemsikia.

"Mwalimu, njoo usikie! Anambembeleza kifaranga, 'Usilie, mama anarudi.' Maneno matatu kwa mkupuo!"

"Na sare yake umeiona?"

"Sare si inafuliwa, mwalimu?"

"Hapa watoto wanakuja kusoma, hawaji kuchezea matope."

Akaenda mwenyewe. Aliwazoa wale kuku akawatupa nyuma ya ukuta, akamsugua mtoto mikono kwa sabuni, akamkalisha kiti cha mbele na penseli. Mtoto hakulia. Alimtazama tu. Kesho yake akaitwa fundi bomba, na mwalimu hakubanduka hapo mpaka tone la mwisho likakauka. Kufika mwisho wa mwaka, yule binti aliandika jina lake bila kosa. Ila kunong'ona kulikuwa kumekatika kabisa.

Miaka ikapita, mwalimu akastaafu kwa keki na hotuba. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukawa kama wa kuazima. Hospitalini, mwanamke aliyesimamia mazoezi ya viungo alimwekea mezani donge la unga uliokandwa na kutiwa rangi ya bluu.

"Finya, bibi. Viringisha. Tengeneza chochote."

"Chochote ndiyo nini? Nitajie umbo nilitengeneze."

"Unachotaka mwenyewe. Vidole vikibonyeza, vikikosea, vikijaribu tena, ubongo nao unajifunza. Si ndivyo watoto wanavyofanya? Mkono unataka kucheza kwanza, penseli baadaye. Na wengine ulimi unawafunguka hapohapo kwenye udongo na rangi."

Mwalimu alifinya mara mbili, donge likamponyoka. Machozi yakamtoka. Yule mwanamke alidhani ni maumivu, akampa mapumziko.

Alipoweza kutembea kwa mkongojo, alikwenda kwa fundi cherehani. Alimkuta bado yuko dirishani pake palepale, pini mdomoni, akipinda upindo wa gauni.

"Karibu, mwalimu! Pole na kuumwa."

"Nimeshapoa. Mwanao wa mwisho yuko wapi siku hizi?"

"Yuko ofisini, anaandika majina kwenye mafaili. Wanamsifia mwandiko, mwalimu. Ile kazi yako ile."

"Anaongea?"

Fundi akaliweka gauni mapajani.

"Akiulizwa, anajibu," fundi alisema. "Unakumbuka alivyokuwa anafinyanga? Nyumbani yeye ndiye aliyekuwa redio yetu, anatusimulia na kuku wake mpaka tunacheka. Baadaye akaacha. Nikamtafutia udongo mzuri kabisa, nikauweka barazani. Akaniambia, 'Mchafu huo, mama.' Ukakaa pale mpaka ukapasuka."

"Ni mimi niliyewatupa kuku wake."

"Najua. Alinionyesha ule ukuta."

"Mbona hukuja kuniuliza?"

"Nikuulize nini? Wewe ndiye mwalimu. Mimi nilijua unajua."

Mwalimu alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alichoweza kusema ni, "Nisamehe, mama," na fundi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea kitu asichojua atakiweka wapi.

"Nimwambie ulikuja?"

"Mwambie." Akafikiri. "Ukiona atataka kusikia."

Fundi alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika kiwiko kwenye ngazi mbili za kushukia. Kisha akarudi ndani, maana mwenye gauni alikuwa anakuja kulichukua saa kumi.