Mahudhurio ya Ndege Penye Matete

Kwa miaka kumi na mitatu, kila siku saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla hajafagia hata jani moja, shangazi yangu alishuka hadi kwenye jiwe la mwisho ukingoni mwa ziwa, akabana ufagio kwapani, akaipa hoteli mgongo na kuita mahudhurio.

"Mkaguzi yupo. Mfua Nguo yupo, na mwenzake. Tarishi..." Hapo alisubiri. Mdiria akipita kasi juu ya maji na kisamaki mdomoni, alimalizia: "Tarishi amechelewa, lakini yupo."

Mkaguzi ni korongo wa kijivu. Aliitwa hivyo kwa sababu husimama mahali pamoja asubuhi nzima bila kufanya kazi inayoonekana, halafu ndiye anayekula. Mfua Nguo ni mnandi, yule ndege mweusi anayetoka majini na kutandaza mabawa yakauke. Walinzi wa getini walipomsikia shangazi akiita majina hayo, nao wakampa la kwake: Mwalimu wa Zamu. Hakulipenda wala hakulikataa. Alichosema ni kwamba afadhali darasa lake, maana la walinzi linasinzia.

Alianza kazi pale hotelini katika chumba cha kufulia, nyuma ya jiko, chumba kisicho na dirisha. Alifua mashuka miaka tisa mpaka dawa ya kung'arisha ikamla ngozi ya vidole, ndipo wakamhamishia bustanini. Huko nje ndiko alikojifunza ndege, bila darubini na bila kitabu. Nilipokuwa chuo kikuu nilimletea kitabu cha ndege chenye picha za rangi. Alikipekua alasiri nzima, akanirudishia. "Kizuri," alisema. "Ila aliyemchora huyu hajawahi kumwona akiwa na njaa."

Shangazi ni mtu wa hasira. Sisemi hivyo kwa kumsengenya. Wapo walio warefu, wapo wenye sauti nzuri, yeye ana hasira, na wameishi pamoja vizuri. Aliwakasirikia wageni wanaowarushia ndege mkate. Alilikasirikia bango la getini lenye picha ya heroe, ndege wa rangi ya waridi ambaye hajawahi kutia mguu katika ziwa letu. "Kama ni uongo, basi waweke na twiga," alisema kila alipopita chini yake, asubuhi na jioni, miaka yote hiyo.

Mwaka huu hasira zake zilipata mahali pa kulala, kwa sababu ya ndege aliyemwita Baba Mlezi. Ni ndege mdogo wa hudhurungi mwenye vidole virefu kupita kiasi, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi kana kwamba maji hayapo. Jike lake hutaga na kwenda zake kutafuta dume jingine. Dume ndiye anayeatamia, na vifaranga wakitoka huwabeba chini ya mabawa, vimiguu vyao vikining'inia nje kama kamba za viatu. Shangazi aliachwa na mume akiwa na watoto wawili wadogo, na baba yangu alipofariki nikaongezwa mimi wa tatu. Alipowaonyesha wanawake wa jikoni yule ndege, aliwaambia, "Mtazameni vizuri. Huyu ndiye dume pekee eneo hili lote anayejua jina la mwalimu wa mtoto wake." Walicheka mpaka mpishi akatoka kuuliza kuna nini.

Tago lake lilikuwa rundo la majani mabichi yanayoelea, mbele kidogo ya matete. Matete yalilikinga na mawimbi na kulificha machoni mwa tai. Lilikuwa na mayai manne ya kahawia yenye michoro myeusi, kana kwamba mtu alikuwa akijaribu kalamu. Siku yai la mwisho lilipotagwa, shangazi alichora mstari wa chaki nyuma ya mlango wa banda la vifaa, na kila asubuhi akaongeza mmoja. Kwa miaka aliyowatazama alijua kwamba huanguliwa siku ya ishirini na tano hivi. Jumatano ile ninayotaka kuisimulia, mistari ilikuwa kumi na sita.

Mimi nilikuwa mapokezi ya hoteli hiyohiyo. Kila Jumatatu nilikusanya maoni ya wageni na kuyafupisha kwenye ukurasa mmoja kwa ajili ya meneja, ambaye hapendi kusoma. Wiki ile mgeni mmoja alikuwa ameandika karibu nusu ukurasa. Alisema aliwasikia ndege wengi sana ndani ya matete lakini hakuwaona, na kwamba laiti angekuwapo mtu wa hapa wa kumwonyesha pa kutazama. Nilikuwa na haraka. Niliandika: "Wageni wanalalamika kuwa matete yanazuia kuona ndege."

Jumatano asubuhi meneja alimfuata shangazi bandani. Mimi nilikuwa natoka kupeleka funguo za vyumba vya ziwani, nikasimama hatua kumi kutoka kwao.

"Mama," meneja alisema, "matete yote, toka gatini mpaka kwenye uzio, yawe yametoka ikifika Ijumaa jioni. Na haya majani yanayoelea. Jumamosi tunapokea watu kumi na mmoja, wanakuja kwa ajili ya ndege tu. Nataka mtu akikaa barazani aone ndege, asione majani."

"Ataona ndege gani?"

"Hao hao waliomo humo."

"Waliomo wamo kwa sababu ya matete, bosi. Ukiyatoa umewatoa. Hiyo ni kumbomolea mtu nyumba ili umwone vizuri akiwa ndani."

Meneja alicheka kidogo. "Maneno unayo, mama."

"Nipe siku tisa. Kuna mayai pale. Yakishaanguliwa baba yao atawahamisha mwenyewe, na mimi nitakata kwa mkono wangu, hata peke yangu."

"Mimi nakwambia Ijumaa, wewe unaniletea habari za mayai. Mayai yako jikoni."

Mtunza stoo, aliyekuwa akihesabu mabomba ya kumwagilia, aliangua kicheko, akauona uso wa shangazi, akarudi kwenye mabomba yake.

"Halafu si mimi ninayetaka," meneja aliendelea, akichomoa karatasi mfukoni. "Ni wageni wenyewe. Soma. Na kama huniamini mimi, hayo ameyaandika binti yako mwenyewe."

Shangazi aliisoma ile karatasi, midomo ikimchezacheza kama kawaida yake anaposoma. Kisha aliinua macho na kunitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Aliikunja karatasi mara mbili, akamrudishia meneja.

"Mimi sikati," alisema.

"Sawa. Watakata wengine."

Jioni ile alinipakulia chakula kama siku zote, akaniwekea na kijiko, akala huku akiutazama ukuta. Maneno aliyoniambia mpaka tunalala yalikuwa mawili: "Funga mlango."

Alhamisi nilichapisha maoni yote ya yule mgeni, nusu ukurasa mzima, nikapigia mstari mahali alipoomba mtu wa kumwonyesha. Nilipoingia kwa meneja alikuwa kwenye simu, akanyoosha kidole nisubiri. Nilisubiri. Kidole kikaendelea kunyooka. Mwishowe niliisukuma karatasi chini ya kikombe chake, nikatoka. Mtu mwingine angesema jambo. Mchana nilipopeleka barua niliikuta palepale, imepata duara la chai, na nyuma yake ameandika kwa kalamu nyekundu namba ya simu ya watu wenye mashine za kukatia majani.

Ijumaa wakampangia shangazi kuosha viti vya ukumbi wa mikutano, viti mia mbili, upande wa pili kabisa wa uwanja. Alielewa. Nilimwona akitia maji kwenye ndoo kwa nguvu, kama anayemnywesha mtu asiyetaka. Saa nne mashine zikaanza kunguruma ziwani. Alidondosha kitambaa, akakimbia. Nilikuwa sijamwona shangazi akikimbia tangu nilipokuwa mtoto, na nilimfuata nikiwa na viatu vya mapokezi.

Walikuwa vijana watatu wenye mashine mbili na reki moja ndefu. Nusu ya matete ilikuwa chini tayari. Mwenye reki alikuwa ameyavuta majani ya yungiyungi nchi kavu, na shina moja likifuata jingine, zulia zima lilikuwa limelala kwenye matope.

"Zima," shangazi alimwambia wa kwanza.

"Mama, sisi tumetumwa."

"Najua. Zima."

Alizima. Wa pili naye akazima, bila kuambiwa. Shangazi alipiga magoti kwenye matope na kufunua majani moja moja mpaka akalipata tago. Mayai mawili yalikuwa yamepasuka, na ndani yake kilikuwamo kitu ambacho tayari kilikuwa na miguu. Mawili yalikuwa mazima. Aliyabeba juu ya jani pana, akaingia majini hadi kiunoni na sare yake ya kazi, akalisukuma lile jani mpaka karibu na matete yaliyobaki. Baba Mlezi alikuwa akitembea ukingoni, huku na huku, mahali palipokuwa pake. Alipita karibu na lile jani mara tatu. Mara ya nne aliruka, miguu yake mirefu ikiburuzika nyuma, akavuka upande wa pili wa ziwa.

Mkuu wa wale vijana alivua kofia. "Hatukujua, mama."

"Hamkuuliza," shangazi alimjibu. "Endeleeni. Imeshakuwa uwanja wa mpira, malizieni tu."

Jumamosi wale kumi na mmoja walifika na kofia zao pana na darubini za miguu mitatu. Wengi walikuwa wazee. Walipanga viti vyao barazani na kutazama maji. Maji yalikuwa maji. Kulikuwa na Mfua Nguo mmoja juu ya nguzo ya gati, mbali. Baada ya saa nzima, kiongozi wao, bibi mmoja mwembamba mwenye daftari, alifungua kijitabu cha matangazo cha hoteli, akamwonyesha meneja picha. Nilikuwa pembeni nikitafsiri.

"Anauliza matete haya yako wapi," nilisema.

"Mwambie tumewasafishia," meneja alijibu, "ili waone vizuri."

Nilimwambia. Yule bibi alifunika darubini yake kwa kile kifuniko kidogo, taratibu, kama anayemfunika maiti uso. Wenzake wakaanza kunong'onezana. Meneja alikausha paji la uso kwa ncha ya tai yake. "Nenda kamwite shangazi yako," aliniambia. "Si ndiye anayewajua. Aje awaonyeshe hata wawili watatu."

Shangazi alikuja na viatu vyake vya mpira na ufagio. Aliwasalimu wale wazee kwa heshima zote, mmoja mmoja, kisha akawaashiria wamfuate. Meneja alitabasamu. Lakini hakuwapeleka ziwani. Aliwazungusha nyuma ya banda, kwenye lundo la matete yaliyokatwa, lililokuwa refu kunipita mimi. Matago ya minana, wale ndege wadogo wasukaji, yalikuwa bado yamening'inia kwenye mabua, yamesukwa vizuri, mengine yakiwa na manyoya ya vifaranga mlangoni. Inzi walikuwa wameshafika.

"Ndege wenu ni hawa hapa," shangazi alisema. "Mnana, mnana, mnana. Hilo pale ni la kukuziwa. Yai hili," akatoa mfukoni nusu ya ganda la kahawia lililofungwa kwenye kitambaa, "lilikuwa limebakiza siku saba. Niliomba siku. Nikaambiwa mayai yako jikoni."

Meneja alinisogelea. "Tafsiri kistaarabu," alisema kwa sauti ya chini.

Nilitafsiri yote, pamoja na jikoni. Sikuruka neno, na safari hii sikufupisha.

Wale wageni waliondoka siku iliyofuata badala ya Alhamisi. Jumatatu shangazi alipewa barua. Haikumfukuza kazi. Ilisema kwamba kutokana na kukiuka maelekezo na kuwaaibisha wageni, anarejeshwa idara ya usafi wa nguo kuanzia kesho yake. Alinipa niisome, kisha akaichukua na kuisoma mwenyewe, midomo ikicheza.

"Wageni walioaibika ni wepi?" mlinzi wa getini alimuuliza tulipokuwa tukitoka.

"Mmoja," shangazi alijibu. "Anavaa tai."

Jumanne saa kumi na mbili na robo alisimama kwenye jiwe la mwisho, bila ufagio. Mkaguzi hakuwapo. Tarishi hakuwapo. "Mfua Nguo yupo," alisema, akageuka kwenda kwenye kile chumba kisicho na dirisha.

Jioni alirudi nyumbani vidole vimeanza kuchubuka. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, mikono ndani ya karai la maji baridi, uso umeelekea ukuta wa jirani. Chai ilikuwa tayari jikoni. Kwa siku sita nyumbani tulikuwa tumeishi kwa maneno ya mlango, chumvi na maji ya kuoga tu. Tangu anichukue nikiwa darasa la pili nilizoea kuyatafuta majibu vitabuni, na sikumbuki kama niliwahi kumuuliza swali moja la maana. Nilisimama mlangoni na taulo mkononi.

"Shangazi, na mimi pia umenikasirikia?"

"Ndiyo," alisema. "Lete chai."